Chumvi Nyepesi

Kijijini Songpo kila mwanamke alijua kupika, na kila mmoja aliamini kuwa jirani yake hajui. Lakini ilipofika zamu ya kutia kabichi chumvi, ubishi ulikwisha. Hiyo ilikuwa kazi ya Pyo Malrye, na hakuna aliyethubutu kumwingilia.

Baridi ilipoanza kubisha hodi, na mashambani pamebaki kabichi na figili tu, wanawake walikusanyika ua kwa ua, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kutengeneza kimchi, kabichi iliyochachishwa kwa chumvi na pilipili, ya kuwavusha hadi majani mapya yachipue. Walikuwepo wa kumenya vitunguu saumu, wa kuchanganya pilipili na dagaa waliochacha, wa kupaka majani, na wa kupiga soga tu, maana hao nao hawakosekani. Malrye alikaa penye beseni kubwa la maji ya chumvi, mikono imemwiva wekundu kwa baridi, uso umekunjamana kama anayehesabiwa makosa. Alizipasua kabichi katikati, akazichovya, kisha akanyunyizia chumvi kavu kwenye mashina manene. Kesho yake asubuhi alichomoa jani akalikunja. Likivunjika, bado. Likikunjika kama kitambaa, alisema neno moja tu, "Osheni," na wenzake wakainuka.

Elimu hiyo aliipata kwa mama mkwe wake, mwaka alioolewa.

"Jani lina ngozi," bibi yule alimwambia. "Maji ya ndani yakijua kwamba nje kuna chumvi, hayakai. Yanatoka yenyewe kuifuata. Wewe huvuti wala husukumi. Kazi yako ni kujua yatoke kiasi gani, basi. Jani likishatoa maji kupita kiasi, hata ulilaze mtoni halisimami tena."

Malrye aliyashika hayo kama mtu ashikavyo sala. Chumvi yenyewe aliichagua kwa ulimi. Chumvi mpya, inayotoka tu kwenye mashamba ya maji ya bahari, ina uchungu, na uchungu huo huharibu kimchi, kwa hiyo magunia yake yalikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, yakidondosha maji machungu mwaka baada ya mwaka. Mtu akimletea chumvi changa, aliionja, akatema, akamrudishia gunia lake mbele za watu. Tusimpambe: alikuwa na majivuno. Ila majivuno yake yalikuwa na sababu, na kijiji kizima kilikula kimchi tamu kwa sababu hiyo hiyo.

Mumewe, Gi Panseok, alikuwa mtu wa chumvi pia. Maisha yake yote aliikokota kwa reki kwenye mashamba yaliyo nyuma ya kilima, jua la pwani likimkausha mgongo. Alikuwa mcheshi, mkaidi, na mlaji. Watu walisema chumvi haimdhuru tena kwa jinsi alivyoizoea. Kumbe presha ilikuwa inamla figo kimyakimya, na alipokuja kuvimba miguu hadi viatu vikakataa, figo zilikuwa zimekwisha kazi.

Hospitali ya wilaya iliwapa njia ya kumtibia nyumbani. Walimtia mpira wa kupitishia maji tumboni, na nesi mmoja kijana, Miss Ban, akafunga safari hadi Songpo kumfundisha Malrye. Mfuko wa maji yenye sukari unaning'inizwa juu, maji yanashuka tumboni, yanakaa humo saa kadhaa, kisha yanatolewa na kumwagwa. Walitafuta mahali pa kuutundika, na mahali penyewe pakawa ile ndoano ya darini ambayo miaka yote ilibeba matofali ya soya iliyopondwa, ya kuchachisha.

"Sasa Mama, tumboni mwa mtu kuna utando mwembamba sana," Miss Ban alieleza. "Upande huu damu, upande huu maji yetu ya sukari. Uchafu wa kwenye damu unapenya kuja kwenye maji, na maji yaliyozidi mwilini nayo yanafuata sukari."

"Yanatoka yenyewe," Malrye alisema.

"Enhe! Yanatoka yenyewe."

"Ni kabichi."

Miss Ban alicheka hadi akashika mdomo. "Ni kabichi kabisa, Mama. Wewe umeshafaulu."

Panseok, aliyelala kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini na mpira ukimtoka tumboni, aligeuza kichwa. "Mmesikia wenyewe. Nimeoa mwanamke, ananifanya kimchi."

Siku hiyo Malrye aliona kwamba ugonjwa huu ameuelewa, na kwamba kitu anachokielewa hakitamshinda. Kwa hiyo Miss Ban alipoendelea na habari ya chakula, alimsikiliza kwa sikio la mtu aliyekwisha faulu. Nesi alisema chumvi iwe kidogo sana. Hilo Malrye alilishika mara moja. Nesi akasema tena kwamba mboga zichemshwe na maji yake yamwagwe, na matunda yapunguzwe, kwa sababu yana madini mengine ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, na yakijaa kwenye damu yanasimamisha moyo. Hilo nalo alilitenda, alichemsha na kumwaga, lakini jina la madini hayo halikumkaa. Yeye alikuwa akipigana na chumvi. Adui akiwa mtu unayemjua toka utotoni, huangalii nani mwingine amesimama nyuma yake.

Miaka ikapita hivyo. Yeye ndiye aliyening'iniza mifuko na kuishusha, akipima maji yaliyotoka kwa mizani ileile ya kupimia kabichi. Mwanzoni yalitoka mengi kuliko yaliyoingia, na kila yalipozidi alifurahi kama mtu aliyeshinda mchezo. Panseok alipungua uvimbe, akarudi kuzurura hadi ukingo wa mashamba ya chumvi kuwakosoa vijana wanavyoshika reki. Kilichomshinda ni sahani.

"Mama Yongju, mimi nimekuwa mbuzi?" aliuliza kila mezani. "Majani yaliyochemshwa, wali mweupe. Mbuzi naye hulamba chumvi."

"Kula, Baba Yongju. Unajidekeza."

"Mwenye mkono wa chumvi Songpo nzima ni mke wangu. Wanakula wote. Nisiyekula ni mimi."

Alikuwa anatania, lakini maneno yalimwingia Malrye. Kwa mwanamke kama yeye, kumlisha mumewe chakula kisicho na ladha lilikuwa jambo la aibu, nesi aseme asemavyo.

Kisha maji yakaanza kupungua. Yalitoka sawa na yaliyoingia, halafu pungufu. Malrye aliilaumu mizani, akaitikisa, akapima jiwe la kugandamizia kimchi analolijua uzito wake. Mizani ilikuwa nzima. Miguu ya Panseok ikarudi kuvimba.

Daktari wa wilaya, mzee mpole aitwaye Dokta Seonu, aliwaambia ukweli bila kuuzungusha. Utando wa tumbo umechoka. Sukari ya miaka yote hiyo imeufanya uwe mgumu, haupitishi tena inavyotakiwa. Mwaka mpya ukipita, Panseok ahamie kwenye mashine ya kusafisha damu ya hospitalini.

"Utando hauwezi kupumzishwa ukarudi?" Malrye aliuliza.

"Hapana, Mama. Ukishakuwa hivyo haurudi."

Alikubali kwa kichwa. Habari ya jani lisilosimama tena, yeye hakuhitaji kuelezwa. 

Baada ya hapo Panseok akasusa chakula. Sio kwa ukaidi, chakula kilimkinaisha. Mashavu yakaingia ndani. Malrye alipika uji, akapika supu ya samaki bila chumvi, akambembeleza kama mtoto, na bakuli likarudi limejaa.

"Nitakula," Panseok alisema siku moja, amelala ameangalia ukuta. "Nipe kimchi yako. Jani moja tu, Mama Yongju. Kabla hawajanifunga kwenye mashine yao."

Malrye alitoka nje akasimama kwenye mitungi yake ya kimchi, akalia huko ambako hakuna wa kumwona. Miaka mingapi amewapa kimchi watu wa kijiji, wengine hata hawapendi, na huyu wa kwake anamwomba jani moja na hawezi kumpa.

Wiki hiyo binti yao, Yongju, alikuja kutoka mji wa Gwangju, alikokuwa akifanya kazi kwenye duka la vipodozi. Alikuwa mtoto pekee, mwenye kumpenda baba yake kupita kiasi na kugombana na mama yake kwa kiasi kilekile. Alitoa mkobani pakiti nyeupe.

"Mama, hii ni chumvi nyepesi. Wenye presha wote mjini wanatumia hii. Wamepunguza ile mbaya. Mtengenezee Baba kimchi kwa hii."

"Chumvi ya dukani," Malrye alisema, kama mtu aliyeletewa maiti ya panya.

"Mama, usianze! Kila kitu lazima kitoke kwenye magunia yako? Baba anakufa njaa na wewe unalinda sifa?"

"Nani analinda sifa?"

"Wewe! Basi itupe, si ndiyo kawaida yako."

Yongju akaondoka amenuna. Malrye alibaki na pakiti jikoni. Aliifungua, akachovya kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na uchungu, uchungu mkavu unaong'ang'ania ncha ya ulimi. Chumvi ya namna hiyo ingetoka kwa jirani, angeitema na kumrudishia. Ulimi wake ulimwambia. Lakini alikuwa amechoka kusema hapana, na pakiti hii ilikuwa kitu cha kwanza kwa muda mrefu kilichomruhusu kusema ndiyo. Alijiambia uchungu huo ndio dawa yenyewe.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Wahenga hao hawakuwahi kuuguza mtu asiye na figo.

Siku ya kimchi uani kwake, wanawake wote wakiwa nje, Malrye aliingia jikoni, akafunga mlango, akatia kabichi chache chumvi ile nyeupe peke yake. Aliona haya kuonekana na chumvi ya pakiti. Jirani yake Bokshim, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, aligonga mlango.

"Dada! Unapika nini huko kwa siri? Umeficha bwana?"

"Bwana mmoja ananitosha, nenda kapake pilipili!"

Wakacheka huko nje. Naye akacheka mle ndani, mikono kwenye beseni, moyo mwepesi kama wa msichana. Kabichi zilitoa maji polepole kuliko kawaida, akazisubiri, akazikunja, akaziosha, akazipaka pilipili kidogo na figili tamu. Ilikuwa kimchi nzuri. Hilo lazima lisemwe.

Panseok alipoweka jani la kwanza mdomoni alifumba macho. Alitafuna taratibu, na chozi likamshuka hadi kwenye kidevu.

"Ina uchungu kidogo," alisema.

"Ni chumvi ya wagonjwa. Mwanao kaileta."

"Yongju? Basi ni tamu."

Akala. Alikula bakuli zima la wali, akaomba jingine. Toka siku hiyo alikula kimchi asubuhi, mchana na jioni, na mchuzi wake akaumwagia juu ya wali, akakomba bakuli kwa kijiko. Malrye alikaa mbele yake akimwangalia tu, na alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuieleza kwa mtu, kwa sababu baadaye hakujua aieleze vipi.

Siku chache mbele, Panseok alisema midomo inamfa ganzi. Wakadhani ni pilipili. Akasema miguu imekuwa mizito, haimsikii. Wakadhani ni baridi, na Malrye akaongeza moto wa sakafu. Kisha asubuhi moja alishika kijiko, kijiko kikaanguka. Akakiangalia pale chini kwa mshangao, akajaribu kukiokota, mkono haukwenda.

"Mama Yongju," alisema, "huyu mtu mkono wake umegoma," na akacheka kidogo, kisha akalala upande.

Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya barafu njiani. Hospitalini walimkimbiza ndani, wakamvika nyaya kifuani, na Dokta Seonu akatoka na swali moja usoni.

"Mama, amekula nini siku hizi?"

Malrye alilijibu vizuri. Hata katika hofu yake alikuwa na fahari kidogo. "Hajala chumvi, Daktari. Nimemtengenezea kimchi kwa chumvi nyepesi. Ile ya wenye presha."

Daktari alifumba macho. Aliyafumba kwa muda mfupi tu, lakini Malrye aliona, akajua kabla hajaelezwa chochote.

Daktari alimkalisha kwenye benchi. Chumvi ile, alisema, wameondoa sehemu ya chumvi ya kawaida wakaweka madini yaitwayo potasiamu mahali pake. Mwenye figo nzima haimdhuru, anaikojoa. Mwili wa mtu una seli nyingi zisizohesabika, na kila seli ina utando wake. Potasiamu hukaa ndani ya utando, chumvi hukaa nje, na moyo hupiga kwa sababu kila kimoja kiko upande wake. Mume wako hana figo za kuitoa, na utando wa tumbo umechoka. Imejaa nje ya seli, kwenye damu. Moyo haujui tena lini upige.

Hapo ndipo maneno ya Miss Ban yalipomrudia, yote, na sauti yake, na mahali alipokuwa ameketi. Madini mengine. Yanasimamisha moyo.

"Ioshe," alisema. Alimshika daktari mkono wa koti. "Kabichi ikizidi chumvi naiosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inatoka. Ioshe, Daktari."

"Tunaiosha, Mama. Tumemchoma dawa, na mashine wanaiunganisha sasa hivi. Lakini inataka muda."

"Mpe muda."

Muda daktari hakuwa nao wa kumpa mtu. Akarudi ndani.

Malrye alikaa kwenye benchi. Palikuwa na mlango wenye kioo, na kupitia kioo hicho aliona miguu ya Panseok, soksi moja imetoboka kidole. Alitaka kuingia amvue soksi ile asije akaaibika. Hakuruhusiwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuzamisha mikono kwenye jambo, na sasa mikono ilikuwa mapajani, haina kazi, imepasuka kwa baridi na bado inanuka vitunguu saumu. Moyo wa Panseok ulisimama, wakaurudisha. Ukasimama tena kabla mashine haijasafisha cha maana. Aliona migongo ya watu ikipanda na kushuka, kisha ikaacha.

Daktari alipotoka, Malrye hakupiga kelele. Alisimama akamwinamia, akamshukuru, kisha akasema, "Binti yangu yuko njiani. Ile chumvi aliileta yeye."

Daktari alimtazama.

"Naomba asijue kwamba ndiyo. Mwambie moyo umesimama. Si kweli ulisimama?"

"Ulisimama, Mama."

"Basi."

Yongju alifika koti halijafungwa, nywele ovyo, akamwangukia baba yake kitandani. Alipoweza kusema, alimgeukia mama yake na swali alilokuja nalo njia nzima.

"Ulimpa kimchi? Mama? Ulitumia ile niliyoileta?"

Malrye alikuwa ameshajiandaa. "Ile yako niliitupa," alisema. "Nilitumia ya kwangu, ya guniani. Nikadhani kidogo haitamdhuru. Mkono ukazidi."

Yongju aliamini papo hapo. Hilo ndilo lililomuuma Malrye kuliko yote, jinsi lilivyokuwa rahisi kuaminika.

Malrye akarudi nyumbani kabla waombolezaji hawajafika, akaimwaga kimchi iliyobaki na ile pakiti shimoni, akaosha mtungi, akauosha tena. Kijiji kikaja na vilio vyake, na kikaondoka na habari: Malrye wa Songpo, mwenye mkono wa chumvi, alimtilia mumewe chumvi akafa. Watu walimhurumia, wakasema uzee. Maji yakimwagika hayazoleki, wakasema, wakidhani wanamfariji.

Mwaka uliofuata, msimu wa kimchi ulipofika, Malrye alikwenda uani kwa Bokshim, na hakuna aliyemwonyesha beseni. Bokshim mwenyewe, aliyekuwa hakosi utani, alimwekea kikapu cha vitunguu saumu bila kumwangalia machoni. Akaketi akamenya. Penye beseni alikaa mwanamke mwingine, naye alinyunyiza chumvi kwenye majani badala ya mashina. Malrye aliona. Hakusema.

Yongju alikuja mchana huo kutoka Gwangju. Kwa mwaka mzima hakuwa amezungumza na mama yake ila kwa lazima. Alichuchumaa karibu na kikapu, akamenya vitunguu viwili vitatu, kisha akatoa mkobani pakiti nyeupe akaiweka kwenye mapaja ya mama yake.

"Wanasema presha imekupanda na wewe," alisema. Sauti haikuwa ya ugomvi. "Safari hii usiitupe, Mama. Naomba. Ungetumia hii mwaka jana, Baba angekuwepo."

Malrye aliishika pakiti kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa heshima.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Angekuwepo."

Akaiweka kando ya kikapu, akaendelea kumenya.